Kidude cha Karani wa Maziwa

Nakumbuka, mjukuu wangu, asubuhi moja ya baridi kule Kapseret, siku karani mpya alipoanza kupokea maziwa yetu. Aliitwa Okoth, mtu wa upande wa Kisumu, mpole, mwenye tabasamu la haraka. Mimi tabasamu la haraka siliamini, hata leo. Halafu nikaona waya. Ulitoka mfukoni mwa shati ukapanda mpaka sikioni.

Enzi hizo chama kilikuwa kimoja na kuta zilikuwa na masikio. Foleni ya maziwa ndipo tulipopumulia, tukamteta chifu na kura za mlolongo, zile za kujipanga nyuma ya mgombea hadharani. Nikamnong'oneza jirani yangu, "Chunga mdomo. Huyu jamaa ako na kidude."

Neno hilo lina asili yake. Wazee waliita dude kitu chochote wasichokijua jina, hasa kikiwa kikubwa cha kutisha. Kikiwa kidogo, ni kidude. Siku hizi mnaita hivyo rimoti, chaja, kila kitu, na mnacheka. Lakini anayelitamka bado anakiri kwamba hajui ameona nini.

Mimi sikujua, na sikuuliza. Kufikia Jumatano kilikuwa kidude cha kunasa sauti. Ijumaa kilikuwa cha serikali. Lisemwalo lipo, watu wakasema. Foleni ikawa kimya kama makaburini, na mwisho wa mwezi kamati ya ushirika wetu wa maziwa ikamwambia Okoth afunge virago.

Siku aliyorudisha funguo, Mama Salina, mkongwe kuliko sisi sote, alimwendea, akakionyesha kile kidude, akamuuliza kwa sauti kubwa, "Baba, hii ni nini?"

Okoth akakitoa, akamwekea kiganjani. "Ni ya kunisaidia kusikia, Mama. Niligonjeka nikiwa mtoto. Bila hii hata mtu akiniita sisikii."

Mama Salina akatugeukia. "Nani alianzisha hii maneno?"

Nikatazama gambuti zangu miguuni. Akajua ni mimi. "Wewe Kibet! Kuuliza si ujinga. Ulishindwa kuuliza, ukaweza kunong'ona?"

Kamati iliona aibu kurudi nyuma. Okoth akaondoka na mke na watoto wake, na mimi sikumwomba msamaha. Hilo linaniuma mpaka leo.

Sasa nami nina kimoja sikioni. Jana nilikusikia ukiwaambia wenzako, "Kidude cha babu kinapiga filimbi." Sikukasirika. Nilimkumbuka Okoth.

Sikwambii uache kushuku, mwanangu. Dunia haijawa njema hivyo, na mimi mwenyewe sijaacha. Shuku, lakini msogelee mtu umuulize yeye, kabla hujamwambia jirani. Usimfukuzishe mtu kazi kwa sababu ya kitu ambacho hata jina lake hulijui.

Mungu akujalie ulimi mwepesi wa kuuliza, ule nilioukosa mimi, na akulinde na aibu ya kuchelewa. Haya, sogea ukishike hiki kidude changu. Uliza.