Baba Amelala Busisi

Siku ya Idi iliyopita niliamka Buhongwa kwenye chumba cha kupanga, nikakunja shuka, nikatia nguo mbili na mswaki kwenye begi, nikatoka. Sikuwa na mpango. Wewe unanijua, miguu yangu hainipi taarifa mapema. Nimepika chai machimboni, nimeuza mitumba minadani, nimesuka nywele za watu katika miji ambayo niliihama kabla sijajua sokoni wanauza nini siku za mvua. Lakini siku ya Idi ndiyo kabisa sikai. Watoto wanapoanza kupita barabarani na nguo zinazonukia duka, mimi huwa nimeshafunga mlango.

Mwaka huu nilichelewa kidogo. Pale barabarani nilimkuta mama mmoja amepiga magoti, anapandisha pindo la gauni la bintiye kwa pini, na yule mtoto anapiga kelele kwamba wenzake wanamwacha. Nikageuza uso. Lori la kreti tupu za soda likasimama, dereva akanifungulia mlango. Tulipofika Usagara akaniuliza, "Dada, mimi nakata kulia. Wewe je?"

"Hata kulia sawa."

"Yaani hujui unakoenda?"

"Nitajua nikifika."

Akacheka, akakata kulia. Basi ndivyo nilivyojikuta juu ya daraja jipya la ziwani. Nilikuwa namenya ndizi, na kabla sijaimaliza maji yalikuwa nyuma yetu. Dereva akaonyesha kwa kidevu kule kivuko kilikokuwa kikitia nanga. "Hapa watu walikuwa wanataabika! Ukichelewa kidogo tu, umelala Busisi. Siku hizi nani analala Busisi?"

Ndizi ilinishinda, nikaishika mkononi hadi ikawa nyeusi.

Sisi tulikaa Kirumba, si mbali na soko la samaki la Mwaloni, mahali ambapo harufu ya dagaa ilikuwa kama mtu mwingine wa nyumba. Ndege makorongo walisimama juu ya mawe nyuma ya choo, wamekunja shingo, wakisubiri utumbo wa samaki. Baba alikuwa fundi cherehani. Alishona kanzu, suruali za watoto na magauni, akavuka nazo kwenda kuziuza kwenye minada ya ng'ambo. Hivyo maisha yetu yalifuata kivuko. Kama Baba hakuonekana jioni, Mama alifunika chakula chake kwa sahani na kusema, "Baba yenu amelala Busisi," nasi tulijua maana yake: kakosa kivuko cha mwisho, kajilaza juu ya mizigo yake, atakuja kesho akinuka moshi wa vibanda vya chai. Wala haikuwa habari ya kutikisa mtu. Bibi, mama yake Baba, alikuwa na neno lake: "Aliye safarini ni mtoto wa njia. Ukimwona mlangoni ndipo useme ni wako."

Idi kwetu ilikuwa ni Baba. Mwezi mzima wa kufunga alishona nguo za watu, na za kwetu aliziweka mwisho, kisha akaziacha bila kuzipinda. Alisema mtoto hurefuka mwezi wa Ramadhani kwa sababu anakula daku kwa wizi. Kwa hiyo asubuhi ya Idi alitupanga mstari kwenye kibaraza, mimi, mdogo wangu wa kiume na yule kitinda mimba, akapiga magoti mbele yetu na pini midomoni. Hatukuruhusiwa kupumua. Akishapima, anazungusha cherehani kwa haraka, pindo linatoka bado lina joto la sindano, na ndipo tunakuwa watu wa sikukuu. Watoto wengine walipewa nguo zimeshakamilika. Sisi tulikamilishwa nazo.

Mwaka ninaousema, Idi iliangukia Jumamosi. Baba alikuwa ng'ambo tangu katikati ya wiki. Aliahidi kwamba mwezi uonekane usionekane, asubuhi ya Idi atakuwa kibarazani, na kesho yake, Jumapili, atatupeleka wote ufukweni tukapigwe picha juu ya mawe. Mwezi ulionekana. Usiku ule nililala na gauni langu kifuani.

Asubuhi hakuwepo. Mama alishaanza kukaanga vitunguu vya pilau uani, macho yanamtoka machozi ya moshi. Tambi tulikula, chai ya tangawizi tukanywa, Bibi akarudi kutoka kwenye swala na mtandio wake mweupe, bado Baba hakuwepo. Tulivaa hivyo hivyo. Gauni langu lilifika kwenye vifundo vya miguu na nyuzi zikininginia, suruali ya mdogo wangu ilikuwa inafagia. "Msikanyage mkazichana," Bibi alisema. "Fundi wenu yuko njiani."

Ndipo jirani akaja. Alikuwa mtu wa Ukerewe, mnunuzi wa dagaa, mzee wa kanisa, na ndiye aliyekuwa na simu upande wetu wa mtaa. Namba yake ilikuwa namba yetu sote, hata watu wa Busisi walikuwa nayo. Kila Idi alikula kwetu na kila Krismasi tulikula kwake. Tulimpenda pia kwa sababu ya ulimi wake, ambao ulichanganya r na l bila aibu. Alisimama mlangoni, kofia mkononi, akatutazama sisi watoto mmoja mmoja, juu mpaka chini kwenye zile nyuzi.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Karibu sikukuu. Mwenzio hayupo, lakini pilau ipo."

Aliizungusha kofia mkononi. Kisha akasema, taratibu sana, "Bibi, jirani yetu amerara Busisi."

"Alhamdulillahi," Bibi akajibu. "Mimi nilishaanza kuwaza mengine."

Jirani akainamisha kichwa. "Vijana wa mtaani tunajipanga, twende tukamchukue."

"Mtakuwa mmefanya la maana, maana huyu na mizigo yake! Lakini msikawie, wajukuu zangu wanamsubiri."

"Hatutachelewa, Bibi."

Akaondoka kinyumenyume, kama mtu anayetoka chumba cha mgonjwa. Mama akaita kutoka uani, "Amesemaje?" Bibi akajibu kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mumeo amelala Busisi. Kakosa kivuko." Hayo ya kukosa kivuko aliyaongeza yeye. Hayakutoka kwa jirani.

Sisi watoto tulifurahi. Kama amelala, basi anakuja. Mdogo wangu akaanza kumwigiza jirani, "Amerara Busisi! Amerara Busisi!" na kitinda mimba akaidaka, ikawa wimbo. Tulizunguka nyumba tukipiga makofi, nguo tumezishika juu kwa mikono miwili zisikanyagwe: Baba amerara, amerara Busisi. Watu waliopita walisimama kututazama, wengine wakashika kiuno, wengine wakaondoka haraka. Nilidhani wanatuonea kijicho.

Pilau ilikuwa imeshaiva walipofika wanawake wa mtaa wakiongozwa na mke wa jirani. Walikuja mguu mosi mguu pili, kanga zimefungwa kiunoni, na kila mmoja ana mzigo wa kuni kichwani.

"Za nini tena hizi, wanangu?" Bibi aliuliza. "Chakula kimeshaiva."

"Ni zetu kidogo tu, Bibi," mke wa jirani alisema. "Mtazihitaji."

"Nyie watu wa visiwani hamkosi vituko." Bibi alicheka, akawatandikia mkeka, akaamuru sinia liletwe. Wale wanawake wakakaa, miguu wameinyoosha mbele. Kachumbari ikaletwa. Hawakunawa. Mama alipita akiwapakulia na upawa mkononi, anawachokoza, anawauliza kama Idi hii wameapa kufunga wao. Bibi naye akapiga paja. "Kuleni basi! Mbona mmekaa kama mko msibani?"

Wakatazamana. Nami nilikuwa nimesimama karibu na mlango wa jikoni, nikaona uso wa mke wa jirani ukibadilika, ukawa wa mtu aliyesikia sauti chini ya kisima. Alimshika Mama mkono, ule ule wa upawa.

"Dada," aliuliza kwa kunong'ona, "mwili unafika saa ngapi?"

"Mwili gani?" Mama aliuliza.

Bibi alikuwa ameketi. Alijaribu kusimama, akashindwa, akaweka viganja vyote viwili chini kama anayeizuia ardhi isiondoke. Sauti aliyoitoa Mama sitakueleza. Nitakueleza tu kwamba makorongo waliruka kutoka kwenye mawe.

Waliokuwepo Busisi walisema Baba alifika usiku, akaagiza chai, akaegemea mzigo wake asubiri kukuche. Mama wa chai alipomwona ametulia alimfunika kanga upepo wa ziwa usimpige. Kivuko cha kwanza kilipopiga honi ndipo alipomgusa bega.

Walimleta alasiri, na kabla ya magharibi alikuwa ameshazikwa. Kuni zile zilihitajika kweli. Pilau ya Idi ndiyo iliyoliwa na watu wa msiba, nasi watoto tulizunguka katikati yao na nguo zetu mpya zisizo na pindo, kwa sababu hakuna aliyekumbuka kutuvua. Jumapili, siku ya pili ya sikukuu, siku ya picha, kitinda mimba aliamka na wimbo wake. Alikuwa hajaelewa. Akauimba katikati ya wanaume wenye barakashia waliojaa kibarazani, akapiga na makofi. Hakuna aliyemnyamazisha. Bibi alimvuta, akamketisha mapajani, akaanza kumsugua mgongo, akamwacha aimbe mpaka alipochoka mwenyewe.

Shule niliiacha kabla ya darasa la saba, lakini kuuliza sikuacha. Nilikuwa binti mkubwa nilipomfuata jirani Mwaloni, akiwa amekaa juu ya gunia la dagaa, nikamuuliza kwa nini alisema vile. Alianza kuchambua dagaa mmoja mmoja.

"Mwanangu, kwetu kanisani aliyekufa na imani yake tunasema amerara. Ndiyo heshima yake." Akanyanyua macho. "Nilikuja na lile neno jingine. Nikaona nguo zenu mpya, likanikataa mdomoni. Na Bibi akasema alhamdulillahi. Nikasema moyoni, hawa watu wana imani, wamepokea. Nikarudi nikamwambia mke wangu kwamba mmeshapokea."

Bibi hakumlaumu hata siku moja. "Yeye alituletea," alisema. "Sisi ndio tulipokea vibaya." Lakini jirani hakuingia tena ndani kwetu. Alisalimia akiwa njiani, kofia mkononi, na Krismasi mkewe alituma chakula kwenye hotipoti. Nyumbani neno lile lilihama. Mtu akisinzia tulisema amejinyoosha, au amepumzika, au tulimwacha tu bila kumsema. Idi zilizofuata Mama alipika wali kama wali wa siku yoyote. Baadaye Bibi alimfuata mwanawe, cherehani ikaenda kwa ndugu, tukatawanyika. Nilipita Kirumba mwaka juzi. Pale penye kibaraza pana ukuta na geti la chuma, na hata mawe mengine yamepasuliwa kokoto.

Na sasa kivuko nacho hakipo. Ni jambo jema, silipingi. Wagonjwa wanavuka, mizigo inavuka, hakuna anayekesha na mbu. Ila nilipokuwa juu ya lile daraja niliwaza: kumbe hata kuchelewa kulikuwa na mahali pake. Palikuwa na mahali unapoweza kumweka mtu wako akilini, ukasema yuko pale, kesho anavuka. Watoto wa leo mtu akichelewa wanampigia simu, isipoita basi hawana pa kumweka.

Dereva alinishusha jioni kwenye kituo kidogo mbele ya Geita, jina lake nililisoma kwenye kibao cha zahanati. Sikuwahi kufika hapo. Nilinunua maji, nikauliza gesti, nikaonyeshwa nyumba ya bati jekundu yenye vyumba vimezunguka ua. Mwenye nyumba alikuwa mama wa makamo mwenye hina mikononi. Akanipa ufunguo, ndala na ndoo ya maji. "Utatuvumilia kelele, dada. Ni Idi, na hawa wanamngoja baba yao anatoka mnadani. Toka asubuhi wananiua kwa maswali."

Watoto walikuwa watatu au wanne, sikuwahesabu. Walikwenda barabarani, wakarudi, wakaenda tena. Simu ya baba yao, mama alisema, imeisha chaji tangu mchana. Alilisema hilo akipanga vikombe, bila wasiwasi wowote.

Nilipaswa kuingia chumbani nioge. Sikuweza. Niliketi kwenye ngazi, begi mapajani, macho barabarani. Kila gari lililopita bila kusimama nililisindikiza kwa macho hadi lilipopotea. Watoto wakachoka kungoja, wakaanza kugombania puto nyuma ya nyumba. Mwenye nyumba akaenda kuchochea moto. Nikabaki mimi peke yangu, mgeni, nikimsubiri mwanaume nisiyemjua.

Jua lilikuwa limegusa migomba pikipiki iliposimama. Akashuka mtu mfupi, kapauka kwa vumbi, na mfuko begani. Watoto hawakumsikia. Aliyesimama ni mimi.

Alinitazama, akafikiri labda ni ndugu wa mkewe. "Habari za hapa, dada?"

"Nzuri," nikasema. "Karibu nyumbani. Umefika."

"Nimefika," alisema, akapita.

Nikasikia puto likipasuka na watoto wakipiga mayowe. Nikaingia chumbani kwangu, nikafunga mlango, nikaweka begi chini.