Kichupa Kilichoganda Julai

Nichekeni, lakini mkimaliza mniambie ni nani kati yenu angefanya tofauti.

Nafanya kazi kwenye maabara moja hapa Eldoret. Tuliagiza kichupa cha kemikali ya kutengenezwa, ile inayofungua vijilango vya seli ambavyo kwa kawaida hufunguka seli ikisukumwa. Ukiitia, seli inashtuka kama imesukumwa, na hakuna aliyeigusa.

Ikafika asubuhi ya Julai, baridi kali. Nikakuta kilichopaswa kuwa majimaji kimekuwa kigumu kama mafuta ya kupikia yaliyoganda. Sikuuliza mtu. Nilikifumbata kichupa mkononi nikavuka barabara hadi kwa Mzee Abdi, mwenye duka aliyetuletea mzigo kwa gari lake kutoka Nairobi.

Duka lilijaa wateja. "Mzee, mmetuharibia dawa," nikasema, kisha nikafoka robo saa nzima kuhusu uzembe, kuhusu utafiti, kuhusu digrii zangu mbili. Mimi pia nilishtuka bila kusukumwa na mtu.

Mzee alinisikiliza hadi mwisho, akatoa kwenye rafu chupa ya mafuta ya nazi yaliyoganda. "Haya yangu huganda kila Julai, Madam. Ukiyashika kidogo yanayeyuka. Hebu tuone hiyo yako."

Nikafungua ngumi mbele ya wote. Ndani ya kichupa kulikuwa na majimaji safi, yanachezacheza.

"Nilipotoka maabara," nikamwambia bila kuinamisha kichwa, "ilikuwa imeganda."