Alama Moja ya Konyeza

Nina kinyongo, na sikifichi. Kilianza siku ya wazazi, nikiwa kidato cha pili, shuleni kwetu Kasulu.

Mwalimu wa baiolojia alikuwa ametupa swali la kutaja aina za planktoni wa baharini. Nilitaja vijimea visivyoonekana kwa macho, ambavyo hujitengenezea chakula kwa jua kama mihogo yetu. Nikataja vidudu vinavyovila, na watoto wa kaa na samaki, ambao huwa planktoni utotoni tu. Mwisho nikaandika konyeza, yule mnyama mlaini wa baharini anayewasha, ambaye mmoja anaweza kujaza karai. Nilimsoma katika kitabu chakavu alichoninunulia baba kambi ya wakimbizi ya Mtabila ilipofungwa na watu wakauza vitu vyao.

Mwalimu alimkata konyeza kwa wino mwekundu. Kisha akalisoma jibu langu mbele ya wazazi wote.

"Planktoni wa kujaza karai! Wewe mtoto wa kambini, bahari umeiona wapi?"

Ukumbi ukaangua kicheko. Baba, ndani ya koti lake la kanisani, aliinamisha kichwa. Hakukanyaga tena shuleni kwetu, na tangu siku hiyo kila nilichosema nyumbani aliniuliza, "Una hakika?"

Swali hilo lilinichoma kuliko kile kicheko. Nilisoma kwa hasira mpaka chuo. Huko nikahakikisha kwamba planktoni hatambuliwi kwa udogo. Ni kiumbe yeyote wa majini asiyeweza kushindana na mkondo. Konyeza hujitahidi kuogelea, lakini mkondo ukivuta upande wake, anakwenda nao. Ile karatasi niliitunza ndani ya Biblia.

Mwaka jana niliendesha semina ya walimu wa baiolojia, Kibondo. Nikamkuta yule mwalimu wangu kiti cha mbele, mvi tupu. Hakunitambua. Nikamwita ubaoni, nikampa swali lilelile. Akaandika aina tatu, akaweka chaki chini.

"Na konyeza, mzee wangu?"

"Konyeza ni mkubwa, mwalimu. Hawezi kuwa planktoni."

Niliwasomea wote maana ya planktoni kitabuni. Halafu nikamuuliza taratibu, nikifurahia kila neno, "Kwani mzee wangu, bahari umeiona wapi?"

Walimu wakacheka. Yeye alitazama viatu vyake.

"Sijawahi kuiona," akasema.

Nikampa karatasi yangu na kalamu nyekundu. Alisoma jina, akanitazama, akaweka alama ya vema kwenye konyeza. Nilidhani nitamwonea huruma. Sikumwonea hata chembe.

Kesho yake nilimpelekea baba karatasi shambani. Hajui kusoma, ila alama ya kosa na ya vema anazijua. Aliigeuza mara mbili, akaniita mwanangu kwa lugha ya nyumbani.

"Kwa hiyo, mwana wanje, siku ile ulikuwa sawa?"

"Nilikuwa sawa, baba."

Nilingoja aniulize kama nina hakika. Hakuuliza. Alinirudishia karatasi, akashika jembe, lakini hakulima.

"Basi ningesimama pale ukumbini," akasema.