Insha ya Espoir Kuhusu Vita Viwili

Majira yale ya baridi nyumba yetu ya Lower West Side, mjini Buffalo, ilinuka sufu mbichi. Makoti yetu yalianikwa juu ya chuma cha kupashia joto, yakichuruzika theluji, na harufu yake ilichanganyika na ya sombe, mboga yetu ya majani ya muhogo, iliyochemka jikoni. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Kaka yangu Espoir alikuwa anamaliza sekondari, na mwalimu wake wa historia alimtaka aandike jinsi mapigano yalivyobadilika kati ya vita vya kwanza vya dunia na vya pili. Jumapili moja, tulipotoka kanisani, Baba alimwambia amsomee.

Espoir alisoma huku akitafsiri. Askari wa vita vya kwanza, alisema, walikaa katika mahandaki yenye matope, kwa kuwa aliyesimama na kwenda mbele alifyekwa na bunduki za rashasha. Katika vita vya pili vifaru vilivunja ngome, ndege zikavitangulia, redio zikaviunganisha, na majeshi yakapita kwa siku chache nchi ambayo zamani yangeipigania miaka. Sauti yake ilijaa furaha ya mtu aliyeelewa jambo. Mama aliacha kukoroga chungu.

"Bon," Baba alisema, akichanganya Kifaransa kama kawaida yake. "Hata sisi kule kwetu tulipata mbili. Ile ya kwanza adui walikuja na miguu. Tulisikia mbwa, tukakimbia. Ya pili ikaleta helikopta. Donc, ile milima tulikuwa tunajifichaka, ikawa ndiko wanatuonea muzuri."

Tulijua tu kwamba katika vita hivyo vya pili alimzika mdogo wake.

Ndipo Espoir akasema, kwa Kiingereza, kwamba amekubali kujiunga na jeshi la nchi hii iliyotupokea wakimbizi. Mama aliketi sakafuni. "Tumetoka kwa vita," Baba akamwambia, "na wewe unaifuata?" Espoir alijibu kwamba siku hizi watu hawakimbizani, angefundishwa kazi ya ndege zisizo na rubani, angekaa kwenye kiti mbele ya kioo cha kompyuta, mbali, pasipofika risasi.

Aliondoka kiangazi, na kweli hakuna risasi iliyomgusa. Alipomaliza miaka yake alihamia mji wa Columbus, upande wa Gahanna, akapata kazi ghalani. Aliacha kuimba kwaya. Mwanawe akicheza uani na wenzake, humwita ndani ghafla, bila kusema sababu. Aliyoyaona kwenye kile kioo hatukuyauliza.

Leo nimeupita umri aliokuwa nao siku ile, na nahudumia wazee hapa hapa Buffalo. Hivi karibuni shangazi, dada yake Baba aliyebaki kwetu milimani, alipiga simu: vindege visivyo na mtu vimefika huko pia, vinazunguka mchana kutwa. Baba akampigia Espoir mbele yangu. Zamani Baba ndiye aliyekuwa na la kumfundisha kuhusu vita. Sasa alikuwa anamuuliza.

"Shangazi yako anataka kujua, wajifiche wapi?"

Espoir akajibu kwa Kiswahili chetu cha nyumbani, ambacho nilidhani amekisahau.

"Baba, ambia shangazi watu wasikutane. Hata kwa matanga. Mutu mumoja, wenye kuongoza ile ndege wanaweza kumuacha. Watu wakiwa wengi, wanapiga."

Baba alimshukuru. Halafu akakaa na simu mkononi, akitafuta namna ya kumwambia dada yake kwamba sasa wafu wao wazikwe na mtu mmoja.