Sindano ya Fundi

Fundi cherehani wa mtaa wetu wa Mlabani alikuwa Mngazija, mtu wa Komoro, na tangu aje hatukumwamini. Alikuwa akikukazia macho shingoni kabla hajakuzungushia utepe, pini kazibana midomoni, haneni neno. Chini ya cherehani aliweka chupa iliyoviringishwa kitambaa. Yeye alisema ni mafuta ya mashine. Sisi tulisema huyu ni mumiani, mnyonya damu za watu, na chupa ndiyo ghala yake.

Dada yangu Apolonia alipojifungua alitokwa damu nyingi, na daktari akatoka kuuliza nani kati yetu atamtolea yake. Nikavuta mkono wa shati langu mpaka kiganjani. Fundi alikuwa barazani, ameleta mashuka ya hospitali aliyoyashona pindo. Akakunja mkono wa kanzu.

“Hata kwetu sijawahi kutoa damu,” alimwambia muuguzi. “Sindano yenyewe namba ngapi?”

Damu yake ikalingana na ya Apolonia, na dada akapona. Mama alininong’oneza, “Mtu hatoi damu bure. Huyu atakuja kudai kitu.”

Kweli alikuja, siku mtoto alipotolewa nje, na kishati kidogo mkononi. Mama alikipokea, akakigeuza nje ndani, akakagua kila mshono. Desturi yetu tunaijua wote: mliochanjiana damu ni ndugu. Fundi alisubiri mlangoni, mara hii bila pini midomoni.

“Mjomba hapewi kiti?” akauliza.

Kigoda kilikuwa kimoja, na mjomba aliyekikalia nilikuwa mimi. Nikainuka.