Ndege wa Nguo ya Mama

Senanu alikuwa amechoka hadi kope. Tangu mama yao awekwe kwenye jokofu la maiti, hakubanduka kwenye kitanda cha kufumia pale Kpetoe, akijaribu kazi asiyoijua: kutia picha za ndege ndani ya nguo. Maisha yake yote alifuma mistari mitupu. Ndege walikuwa kazi ya kaka yake Agbeko, lakini kiharusi kilishamlemaza mkono wa kulia, na mama alikuwa ameahidiwa kuzikwa na nguo ya ndege, kazi ya wanawe. Mazishi ni Jumamosi.

Ndege si mchezo. Unakanyaga jozi ya pili ya vikanyagio, unainua nyuzi chache, unapenyeza rangi kwa vidole, unagonga, unarudia. Kosea mguu mmoja tu, ndege anaota pembe.

Jumatatu alivitandaza vipande vyake vyembamba ubavu kwa ubavu, aone jinsi vitakavyoshonwa kuwa nguo moja. Akavunjika moyo. Hakuna ndege aliyelingana na jirani yake.

"Hao wanapanda ngazi?" Agbeko aliuliza, akicheka kwa upande mmoja wa mdomo.

"Kaka, niache. Nitanunua nguo sokoni."

"Nunua. Watu waseme mama kaacha vilema wawili."

Hata hivyo aliinama, akavipapasa kwa mkono wa kushoto.

"Hivi umefuma asubuhi. Unagonga kama unaua nyoka! Hivi vya jioni, umechoka, vyote viko sawa. Vya asubuhi fumua. Na kesho ukalime kwanza, ndiyo uje ukae hapa."

"Nilime? Na mgongo huu?"

"Mkono uliochoka hauna kiburi. Unadhani mimi nilijuaje? Mama alinipeleka shamba kulima kila alfajiri kabla sijagusa uzi. Nikajua hanipendi. Wewe alikuacha ulale."

Senanu alianza kufumua vipande vya asubuhi. Miaka yote alijisifu kuwa ndiye mtoto wa mama, na sasa ilimuuma.

Kila alfajiri akaenda kwenye shamba la mihogo la marehemu, akalima hadi vidole vikatetemeka, ndipo akarudi kufuma. Alichukia jembe, alichukia ndege, mara nyingine alimchukia hata mama.

Ijumaa mchana nguo ilishonwa. Agbeko akapitisha kidole kwenye mishono yote, polepole, akirudia. Ndege walikuwa wamekaa safu moja.

"Haya," alisema, machozi yakimlengalenga. "Na wewe sasa mama kakulea."