Gari la Mjerumani na Minyororo ya Endamarariek

Kule Endamarariek, mwenye ng'ombe wawili wa kulimia hakuhesabika kuwa na plau mpaka awe na majirani. Huyu alikuwa na nira, yule na jembe lenyewe, na mwingine na mnyororo wa kuliunganisha jembe na nira. Mvua za kwanza zikinyesha, vitu hivyo vilianza kutembea kutoka boma hadi boma, na hakuna aliyemuuliza mwenzake atarudisha lini. Ukimaliza kulima unaubeba mnyororo begani, unampelekea anayefuata, unakunywa pombe yake kidogo, unarudi kwako. Ndivyo watu walivyolima, na ndivyo walivyokula.

Yohani Tluway alikulia katika maisha hayo. Ujana wake aliutumia kwenye shamba moja la kahawa upande wa Oldeani, kwanza akiwa mchumaji, kisha mpakiaji, na mwisho akawa ndiye aliyeitwa kila mzigo mgumu ulipotaka kusafiri. Alifunga magunia, magogo na mitambo ya kumenyea kahawa. Wenzake walikuwa wakitania kwamba mzigo uliofungwa na Yohani hauteremki mpaka uombwe. Wazungu waliondoka, shamba likawa la umma, mshahara ukawa unachelewa, naye akarudi nyumbani kulima. Lakini sifa yake ya kufunga haikurudi naye tu, ilimtangulia.

Mwaka 1982 maduka ya Karatu yalikuwa na rafu zilizofutwa vumbi na hakuna kingine. Sabuni ilikuwa habari. Msumari ulikuwa habari. Mnyororo mpya wa plau hakuna aliyeuona kwa miaka, na ile iliyokuwapo ilikuwa imeungwaungwa kwa waya na boliti. Mwaka huohuo, siku chache kabla ya mvua, Mkurugenzi wa shirika lililolishika shamba la Oldeani alipanda kutoka Arusha. Alikuwa amesikia kwamba ndani ya ghala la kahawa, chini ya magunia, limo gari aliloliacha mlowezi wa Kijerumani tangu kabla ya Vita vya Pili vya Dunia.

Lilikuwapo kweli. Gari jeusi, refu, lenye magurudumu ya spoki za mbao na viti vya ngozi ambavyo panya walikuwa wamevionea huruma. Mkurugenzi alilizunguka akiwa ameshika mikono nyuma. Kisha aliwaambia wafanyakazi, kwa sauti ya mkutano, kwamba gari hilo ni mali ya taifa na linakwenda makumbusho, yatakayojengwa mjini ili watoto wa wakulima waone jinsi mkoloni alivyopanda gari huku baba zao wakibeba kahawa kichwani. Watu walipiga makofi. Yohani, aliyekuwa ameitwa kwa ajili ya kufunga, alipiga makofi kuliko wote, kwa maana baba yake alikuwa mmoja wa waliobeba.

Lori lilikuja likiwa limekokota trela. Dereva wake, Olais, kijana wa Kimaasai aliyezijua barabara za Ngorongoro kama njia za kupeleka ng'ombe majini, alishusha furushi la kamba za katani. Yohani alizivuta, akazinusa, akazitupa chini. Alimweleza Mkurugenzi kwamba katani ikilowa ukungu wa asubuhi hukaza, jua likitoka hulegea, na kule kwenye mteremko wa Manyara, ambako barabara inajikunja juu ya bonde, gari litatoka kwenye trela lenyewe na kutangulia mjini Mto wa Mbu. Panahitajika minyororo minne.

Shamba halikuwa na mnyororo hata mmoja. Ilikuwapo mingi zamani, na hakuna aliyetaka kusema ilikwenda wapi.

"Wananchi hawana ya kutuazima?" Mkurugenzi aliuliza.

Hapo ndipo Yohani alipokosea, na kosa lake lilikuwa la mtu wa Endamarariek. Alisikia neno la kuazima, akadhani kila anayelitamka amelelewa nalo. Alisema wananchi wanayo. Hakushurutishwa. Aliondoka kwa miguu yake, akachukua mnyororo wake mwenyewe, akaenda kwa Piusi, jirani yake mwenye maneno mengi na minyororo miwili, akapewa yote pamoja na utani kwamba sasa ng'ombe wake watapata likizo ya serikali. Wa nne aliufuata kwa Bernadina, mjane aliyekuwa akilima na wanawe. Mnyororo huo ndio chuma pekee alichoachiwa na marehemu, na pete yake moja iliyokatika marehemu alikuwa ameiunga kwa boliti ya trekta.

Bernadina hakuutoa upesi. Alisema mawingu yameanza kukaa juu ya mlima.

"Mnyororo utarudi kabla ya mvua, mama," Yohani alimwambia. "Wenyewe wanakwenda na kurudi. Usiporudi, mimi nipo hapa."

"Wewe ndiye ninayekupa, Baba Hyasinta. Huyo mkubwa wako simjui."

Waliokuwapo siku ile bado wanaisimulia kazi yake. Alichimbia magurudumu ya trela ili yasiyumbe, akalaza mbao mbili nene, na gari likasukumwa kwa mikono taratibu mpaka injini ikakaa mbele kidogo ya ekseli ya trela. Uzito ukikaa nyuma, alieleza, trela litatikisa mkia na kuliburuta lori korongoni. Alikataa kabisa kufunga kwenye bampa, ambayo ni pambo tu. Alilala chini ya gari akapitisha minyororo kwenye ekseli zake, kila chuma kikiviringishiwa gunia kisikwaruze. Aliivuta kwa kupishana, wa kulia ukaenda kona ya kushoto na wa kushoto ukaenda kulia, mbele na nyuma. Kila mmoja aliukaza kwa gongo la mti alilolisokota mpaka mishipa ikamtoka shingoni, kisha akalifunga gongo lisijisokotoe. Magurudumu aliyabana kwa kabari. Mwisho alilisukuma gari kwa bega. Halikusogea gari peke yake. Lilisogea pamoja na trela, kama kitu kimoja.

Alipanda lori pamoja na Olais, Mkurugenzi akifuata nyuma ndani ya Land Rover. Walipovuka Karatu alimsimamisha Olais, akashuka, akagusa kila mnyororo, akaongeza msokoto mmoja. Juu ya mteremko wa Manyara alimsimamisha tena. Olais alimcheka, akamwambia hata bibi harusi hakaguliwi hivyo. Waliteremka kwa gia ndogo, breki zikinuka, na kwenye kila kona Yohani alichungulia nyuma. Gari la Mjerumani lilikuwa limetulia kama bado limo ghalani.

Mto wa Mbu, Mkurugenzi alishuka akampa mkono. Alimwita ndugu. Alisema taifa linahitaji watu kama yeye, na kwamba minyororo itarudi na lori hilohilo ndani ya wiki. Yohani alipanda kurudi juu ya magunia ya ndizi za watu, akiwa na furaha ya mtu aliyefanya kazi yake vizuri.

Wiki ilikwisha. Lori halikuja. Mvua ilikuja.

Asubuhi ya mvua ya kwanza Piusi alisimama uani kwa Yohani, hana utani. Bernadina hakuja kabisa, na hilo lilimuuma zaidi. Yohani alikwenda shambani Oldeani akaambiwa aulize Arusha. Akapanda lori la mahindi mpaka Arusha. Ofisini kwa shirika aliambiwa ndugu Mkurugenzi yuko kwenye semina ya uwajibikaji. Alingoja siku nzima barazani, na jioni mfagiaji, kwa huruma, alimwelekeza nyumbani.

Alilitambua lango kabla ya kuliona gari. Lilikuwa limefungwa kwa mnyororo, na kwenye mnyororo ilikuwapo pete iliyoungwa kwa boliti ya trekta. Ndani, chini ya paa jipya la bati, gari la Mjerumani lilikuwa limepakwa rangi na kung'arishwa. Mbwa wawili wakubwa walikuwa wamefungwa pembeni yake, kila mmoja kwa mnyororo wa Piusi. Wa kwake mwenyewe hakuuona.

Mkurugenzi alitoka na kandambili. Alimkumbuka, hata akatabasamu. Yohani alisalimia kwa adabu, akasema amefuata minyororo ya watu, maana wanalima.

"Minyororo ipi?"

"Hii, mzee. Huu ni wa mama mmoja mjane."

"Ile ilikuja na gari. Vilivyokuja na gari ni mali ya shirika. Nikianza kugawa mali ya umma langoni nitakuwa mhujumu."

Yohani aliuliza makumbusho yako wapi.

"Mambo ya mipango hayo, ndugu yangu," Mkurugenzi alisema, bila hasira, kama anayemwelewesha mtoto. "Rudi ukalime."

Mlinzi alimsindikiza. Na hivi ndivyo tulivyoibiwa miaka ile: hatukuvunjiwa mlango, tuliitwa ndugu. Waliotutaka tujifunge mikanda walichukua na mikanda yenyewe, wakafungia mbwa.

Yohani aliporudi Endamarariek alimchinja ng'ombe wake mmoja wa plau. Mkewe, Cresensia, alilia kama amefiwa, lakini hakumzuia. Yohani aliichana ngozi ikiwa mbichi, akaisokota kamba nene, akampelekea Piusi na akampelekea Bernadina. Nyama aliwagawia hao hao. Bernadina aliipokea kamba, akaivuta, akasema, "Lile gari ulilifunga kwa chuma, Baba Hyasinta." Kisha akaingia ndani.

Ngozi na mvua havipatani. Kamba zililowa, zikarefuka, plau zikayumba, mifereji ikapinda, na kila baada ya safari mbili tatu ilibidi watu wasimame kukaza upya. Walimaliza kupanda wakati mahindi ya wengine yanafika magotini. Mwaka ule Bernadina alivuna ya kuchoma, ya kusaga hakupata. Yohani, aliyebaki na ng'ombe mmoja, alilima kwa jembe la mkono, yeye na Cresensia, kipande kisichotosha.

Hakuna aliyemtukana. Walimsalimia njiani na walimzika mama yake alipofariki. Lakini msimu uliofuata vitu havikutembea tena. Kila mtu alilima na alichonacho, na asiyenacho alingoja.

Baadaye Piusi alifanikiwa kupata mnyororo mpya kwa njia za magendo. Yohani, aliyekuwa ameshampata ng'ombe wa pili, alikwenda kuuomba kwa siku moja tu. Piusi alimkaribisha kiti, akampa maziwa, wakaongea habari za mvua. Yohani alipofika kwenye haja yake, Piusi alitazama kando.

"Mnyororo una kazi leo, Baba Hyasinta."

Mnyororo ulikuwa unaning'inia kwenye mwimo wa mlango, nyuma ya kichwa chake, haujagusa udongo, bado una mafuta ya kiwandani. Yohani aliuona, na Piusi aliona kwamba ameuona. Yohani alimaliza maziwa, akarudisha kibuyu, akashukuru, akaenda kuchukua jembe lake.